Upande wa Kulia

Mwanangu mpendwa Eliza,

Barua hii utaisoma kwa sauti, najua, maana Kiswahili chako hakijawahi kukubali kusomwa kimya kimya. Basi tafuta mahali ambapo wenzako wa huko Glasgow hawatakushangaa. Nimeamua kuiandika wazi, mtandaoni mbele ya watu, kwa sababu kwenye simu ningeandika mistari miwili, nikafuta mmoja, nikaweka kile kialama cha kopa, nikatuma. Tumeshatumiana makopa ya kutosha mimi na wewe.

Jumapili ulinipigia ukanipa habari ya Kanada. Kampuni yenu imepata kazi ya kupima madaraja huko, yanavyotikisika kwa upepo na kwa magari, nao wanakutaka wewe, tena si kwa miezi, ni kwa miaka. Wanataka jibu Ijumaa. Ukasema nikikuambia ubaki utabaki, nikikuambia uende utakwenda. Halafu ukabadilisha lugha. Ukasema polepole, neno moja moja, "Mama, usiseme sawa. Sema kitu kingine." Hapo nikajua umejiandaa, kwa sababu Kiswahili huwa hukitoi kabatini bure bure. Nikakuambia mboga inaungua, nikakata simu. Hakukuwa na mboga jikoni. Leo ni Alhamisi na bado sijakupigia.

Unajua ninavyoishi siku hizi? Naishi na jina lako. Dirisha la chumba chako linatazama reli, unakumbuka, na zile treni za zambarau za reli mpya ya London, waliyoipa jina la malkia, zinapita mchana kutwa. Nikifika stesheni ya Ilford kwenda kazini, spika zimeshaanza: Elizabeth line hii inakwenda huku, Elizabeth line ile imechelewa. Wewe uliitwa kwa jina la bibi yako mzaa baba, Elizabeti wa Kilosa, si kwa jina la malkia wa mtu, lakini mji umejiamulia. Na mimi tangu uzaliwe ni Mama Eliza. Kwa hiyo kila wakilitaja, shingo yangu inageuka kidogo. Chuoni ninakofundisha hesabu wananiita Miss, benki wananiita kwa jina la baba yako wakilikosea, na nyumbani haniiti mtu. Spika za stesheni ndizo zimebaki kuniita, tena nusu.

Nataka tuanzie kwenye bembea, maana ndipo somo letu lilipoanzia, ingawa hakuna kati yetu aliyejua kuwa ni somo. Ulikuwa mdogo, bado unavaa viatu vya kubandika, visivyo na kamba. Baba yako alikaa kwenye benchi na gazeti lake, mimi nakusukuma. Ghafla ukapiga kelele, "Don't push me, Mama! I want to see who stops it." Ulitaka kuona ni nani anayeisimamisha. Nikarudi nyuma nikakunja mikono. Bembea ikaenda, ikarudi, kila safari ikipungua kidogo, na wewe umekaza macho huku na huku ukimtafuta mtu huyo. Ilipotulia kabisa ukanigeukia umenuna. "Nobody," ukasema. Ulitaka mwizi ukamkosa. Nilicheka mpaka baba yako akashusha gazeti kuuliza kuna nini.

Yeye alitutoka ukiwa bado shule ya msingi, na hapo ndipo neno lile lilipoingia nyumbani kwetu. Sebule ilijaa watu, wa kanisani kwetu na wengine kutoka Croydon na Reading, na kila aliyekupakata alikuwa na la kusema kuhusu kulia. Acha kulia mwanangu. Mwacheni alie, kulia ni dawa. Umechoka kulia, njoo ule wali. Ulikuwa umeshika kikombe cha juisi kwa mikono miwili, ila neno hilo ulilishika kuliko maneno yote ya Kiswahili. Lakini kulia kwa maana ya mkono, ule mkono wa kulia, hukuwa nako. Barabarani tulisema left na right, hata mimi mwenyewe, maana basi la London ukiliambia "kata kulia" halikuelewi.

Kwa hiyo kosa lilikuwa linakusubiri tu.

Ulikuwa unasoma A-level. Siku moja ya mvua ukaingia jikoni, ukakibamiza kitabu mezani karibu na kikombe changu cha chai, ukasema unaacha hesabu, unakwenda kuwa mtu wa kuuza maua. Nikatazama ukurasa. Differential equations, na chini yake neno refu: homogeneous. Hukuwahi kuniuliza hesabu hata siku moja. Wanafunzi wa watu walikuwa wananipigia simu mpaka wakati wa kula, na wewe uliye na mwalimu nyumbani ulikuwa unatazama video. Nikaona nikianza kwa Kiingereza tutagombana kabla ya mstari wa pili, kwa sababu Kiingereza chako ni cha hapa na changu ni cha ubaoni Morogoro. Nikaanza kwa Kiswahili, kile cha hesabu za shule ya msingi nilikosomea mimi, na palipopungukiwa neno nikasema nilivyoweza.

"Milinganyo uliyoizoea," nilikuambia, "inatafuta namba. Huu unatafuta mwenendo. Haukuulizi kitu hiki ni kiasi gani. Unakuuliza kinaendaje kadiri muda unavyopita." Nikakisogeza kikombe. Chai ikiwa ya moto sana inapoa haraka. Ikikaribia kuwa ya vuguvugu inapoa kwa uvivu. Maana yake kasi ya kupoa inategemea joto lililozidi lile la chumba: lililozidi likiwa kubwa, kasi ni kubwa, likiwa dogo, kasi ni ndogo. Hiyo ndiyo sentensi nzima, na mlinganyo ni sentensi hiyo imeandikwa kwa herufi chache. Uliyafuata hayo vizuri, nilikuona, ingawa mdomo bado umeuvuta. Nikakuambia ni wa mstari kwa sababu kile tunachokitafuta kimekaa kwa adabu: hakijizidishi chenyewe kwa chenyewe, hakijajificha chini ya mzizi, kimezidishwa kwa namba tu basi. Kisha nikachukua kila kilichohusu chai, kasi yake na joto lake lililozidi, nikavihamishia upande mmoja.

"Sasa tazama," nikasema. "Vyote viko kushoto. Upande wa kulia ni sifuri. Hiyo ndiyo homogeneous."

Ukaacha kuandika.

"The crying side is zero?" ukauliza.

Sikukuelewa mara moja. Nikarudia, upande wa kulia, nikaunyooshea kidole, na hapo ndipo nikasikia ulichosikia wewe. Upande wa machozi. Nikafungua mdomo nikusahihishe, lakini wewe ulikuwa umeshaondoka na wazo lako. "So nothing's upsetting it from outside," ukasema taratibu. "It's just by itself." Hakuna kinachokisumbua kutoka nje. Kiko peke yake tu. Eliza, nimelifundisha somo hili kwa watoto wa Morogoro na kwa watu wazima wa hapa London, na sijapata mwanafunzi aliyeielewa maana ya ile sifuri upesi namna hiyo. Kushoto ni tabia ya kitu chenyewe, kulia ni kinachokijia kutoka nje, na ukiandika sifuri pale umesema hakuna mtu, kimeachwa na tabia yake. Wewe ulilipata kwa kukosea. Nilikusahihisha kesho yake na ukakataa katakata. Ukasema mkono wa kulia ndio unaopangusia machozi kwa hiyo wazee walijua walichokuwa wanafanya.

Tangu hapo meza ile ikawa yetu. Tukarudi kwenye bembea yako, safari hii kwa kalamu. Bembea inataka mambo matatu: ilipo, kasi yake, na jinsi kasi yenyewe inavyobadilika. Tukakisia jibu, tukalipachika, likatuachia mlinganyo mdogo wa kipeo cha pili wenye namba zake mbili. Namba zikitoka za kawaida, kitu kinazama taratibu bila kuyumba. Zikitoka zile za kufikirika, kinayumba huku na huku, na msuguano ukiwepo kinayumba huku kikipungua. Ulipoona mchoro wa mawimbi yanayopungua mpaka kutulia, ukaweka kidole mwishoni kabisa ukasema, "Nobody." Nilidhani umesahau siku ile ya bembea. Hukuwa umesahau hata kidogo.

Na uvivu wako je, niusahau? Nilikupa maswali ya kufanya nikaenda kuoga, niliporudi yote umeyajibu sifuri. Kila swali, jibu sifuri. Ukanikalia mezani na kicheko umekibana. "Check it," ukasema. Nikahakiki. Kitu kikiwa sifuri na kasi yake ni sifuri, ukizijumlisha unapata sifuri, na upande wa kulia ulikuwa sifuri. Ulikuwa umepata yote. Ikabidi nikupe vema zako kwa wino mwekundu, huku nakupa na maneno: hilo ni jibu sahihi siku zote, kwa kila mlinganyo wa aina hii, na ndiyo sababu halituambii chochote. Ni bembea ambayo hajawahi kuipanda mtu. Ukanijibu papo hapo, "Like you, Mama. Ukiulizwa, you're always sawa. Sawa na what?"

Nilikutuma ukaoshe vyombo.

Ila kilichokufurahisha kuliko vyote ni kujumlisha. Nilikuonyesha kwamba ukipata majibu mawili ya mlinganyo mmoja wa namna hii, jumla yake nayo ni jibu. Huamini, unahakiki, inakubali. Ukaona ni kama uchawi wa halali. Ukaenda kujaribu kwenye mlinganyo mwingine ambao kulia kulikuwa na kitu, sikumbuki nini, na baada ya muda ukaniita kwa sauti ya mtu aliyevunja sahani. "Mama! Kulia imekuwa double!" Ndivyo inavyokuwa. Kulia kukiwa na kitu, ukijumlisha majibu mawili unakuwa umekijumlisha na chenyewe, kinakuwa mara mbili, na jumla yako si jibu tena. Sheria inafanya kazi pale tu kulia kunapokuwa sifuri. Uliiandika sheria hiyo kwenye kikaratasi ukakibandika kwenye friji, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, na dada zangu wa kanisani wakija walikuwa wanakisoma, wananitazama, hawaulizi.

Hayo yote yamepita na wewe ni mhandisi. Sasa nikuambie nilivyo, maana ndicho ulichotaka.

Nina upweke, Eliza. Tazama, nimeliandika na mkono haukukatika. Napika ugali unatosha watu watatu kwa sababu mkono wangu haujui kuusonga wa mtu mmoja, halafu naula mpaka keshokutwa nimeukasirikia. Kuna siku inafika jioni ndipo nasema neno la kwanza la Kiswahili, tena nakiambia kitunguu kilichoniteleza. Kanisani tunasali pamoja, tunasalimiana, watu wanakimbilia zamu zao za kuuguza wazee, nami narudi na basi. Nimeanza kuwaambia wanafunzi wangu wabaki kidogo, kama kuna asiyeelewa abaki, hata wale walioelewa nawaomba wahakikishe. Wananiona mwalimu mwenye moyo. Moyo ninao, lakini si huo tu.

Na Jumamosi napanda treni ya jina lako mpaka Southall, upande wa pili wa mji. Usinicheke. Ndengu ziko Ilford, bizari iko, samaki wako. Nakwenda kwa sababu kuna mzee mmoja Mpunjabi, mzaliwa wa Kisumu, ana duka la nafaka, na siku ya kwanza alinisikia nikihesabu kwa Kiswahili akaruka nyuma ya kaunta kama kijana. Yeye ndiye mtu pekee London nzima anayeniita Mama Eliza. Jumamosi iliyopita, kabla hujapiga simu, alinikaribisha kama kawaida yake.

"Mama Eliza! Habari ya siku mingi? Msichana yako iko wapi siku hizi?"

"Yuko sawa, Mzee."

Akauacha ule mfuko wa ndengu. "Mimi sijauliza hiyo. Nimeuliza iko wapi."

"Mbali," nikasema.

"Na wewe?"

Nikamwambia mimi niko hapa. Aliipima kilo yangu, mizani ikatulia, kisha akachota kiganja kizima akaongeza juu yake. Nililia kwenye treni kuanzia Southall mpaka karibu na Paddington, kwa mkono wa kulia kama mila yako inavyotaka. Watu wa London ni wastaarabu, walitazama simu zao wote. Sasa unaelewa kwa nini kesho yake nilikukatia simu. Kidonda kilikuwa bado kibichi.

Nimekaa nikiiwaza ile bembea wiki hii yote. Ulimtafuta anayeisimamisha ukamkosa, na mimi nimemtafuta vilevile. Hakuna aliyenikosea. Baba yako hakutaka kuondoka, wewe umekua kama mtoto anavyotakiwa akue, majirani ni wema, kazi ninayo. Lakini mtu akiachwa na tabia yake tu, bila kinachomjia kutoka nje, anapungua safari kwa safari. Nilifundisha hivyo ubaoni kwa furaha kabisa. Sikujua ningekuja kuisikia hesabu hiyo mwilini, asubuhi, nikiwa nimeshika mswaki.

Kwa hiyo nilijaribu kukutungia jibu. Ninayo majibu mawili na yote nimeyahakiki, unajua sikabidhi kazi bila kuhakiki. Nilitaka kuyajumlisha yawe sentensi moja nzuri, laini, ya mama anayejua kulea, ambayo ungeisoma ukasema basi, Mama yuko sawa. Nimeiandika sentensi hiyo kwa namna nyingi na kila namna ilikuwa ya uongo. Mwisho nikaenda kusimama mbele ya friji. Kikaratasi chako kimefifia ila bado kinasomeka. Kujumlisha kunaruhusiwa pale tu upande wa kulia ukiwa sifuri. Kwa tafsiri yako, upande wa machozi, wangu si sifuri, mwanangu. Haujawahi kuwa sifuri tangu ulipofunga ule mlango ukaondoka na masanduku yako. Nikiyajumlisha majibu yangu, kulia kutakuwa mara mbili, na wewe ndiye utakayebeba kulia huko mpaka uwanja wa ndege.

Ukifika huko usinipigie kuniuliza kama niko sawa. Niulize nimepika nini. Niulize nimeongea na nani leo, na kama nikisema kitunguu, cheka. Niulize kwa Kiswahili, hata kiwe cha kuvunjika mguu, nitakielewa. Bembea haitaki nguvu nyingi, hilo unalijua kuliko mimi, ndiyo kazi yako. Inataka kisukumo kidogo kila inaporudi. Na vaa soksi nzito, hiyo baridi ya Kanada usiifanyie ubishi wako wa hapa.

Nakuaga, basi, na majibu yangu nakupa yote mawili kama yalivyo, kila moja na mstari wake. Usiyajumlishe.

Sitaki uende.

Nenda.

Mama yako,
Mama Eliza